Chapo alivyoshonewa leso ya harusi, na faini aliyotozwa bwana harusi siku hiyo Doha

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Mimi ni wa kusoma nyuzi za wenzangu na kupita kimya. Leo niko off, chai iko pembeni, nikaona niwawekee hii kabla sijaanza kuisahau au kuitia chumvi. Ni ya kweli yote. Waliokuwepo siku hiyo wako humu, wakiona nimepindisha mahali wanirekebishe.

Inahusu mbwa aliyevalishwa nguo akaenda harusini.

Najua kuna mtu ameshacheka. Cheka tu, hata mimi nilicheka.

Kwanza mnijue. Naitwa Mwende, mtu wa Machakos. Niko Doha miaka kadhaa sasa, nafanya kazi chumba cha nguo cha hoteli moja huku Al Sadd. Nashona vifungo, napunguza suruali za wahudumu wapya, nabandika majina kwenye uniform. Cherehani ndiyo ofisi yangu.

Kwetu nilikokulia mbwa analala nje. Anakula ukoko wa ugali, anabwekea wageni, mchana anaota jua kando ya ghala. Akithubutu kuingia jikoni anatolewa na mwiko. Hakuna aliyewahi kumuuliza mbwa wetu anajisikiaje.

Sasa mtu kama mimi umwambie ashonee mbwa nguo ya harusi.

Aliyeniambia ni Wairimu. Huyu ni nurse, na tulikuwa tunakaa naye chumba kimoja kwenye villa ya zamani iliyogawanywa vyumba. Mlango wetu ulifungukia kwenye hosh, ule ua wa ndani wenye kuta ndefu. Clinic yake ilikuwa inampeleka Industrial Area kupima afya za wafanyakazi kwenye kambi zao, na siku moja alirudi kutoka huko mkoba wake wa kazini ukitikisika wenyewe.

Ndani kulikuwa na mtoto wa mbwa. Jike, miguu myembamba, uso mrefu wa hawa mbwa wa jangwani, rangi ya mchanga. Mgongoni alikuwa na madoa ya kahawia kama chapati iliyoiva vizuri. Jina likatoka hapo hapo: Chapo.

Mlinzi wa villa alisema mbwa akae hosh, asiingie ndani. Mimi nikawa upande wa mlinzi kabisa. Nikamwambia Wairimu, "Huyu akipanda kitandani mwangu mimi nahama."

Wakuu, sikuhama.

Ilikuwa hivi. Wairimu alikuwa anaingia shift za usiku, akirudi asubuhi analala kama gogo. Mimi nilikuwa naingia kazini mchana. Kwa hiyo asubuhi zote zilibaki kuwa zangu na Chapo, bila mtu kupanga.

Mliokaa Doha mnaujua ukungu wa kipindi cha baridi. Unaamka, mji haupo. Majengo marefu yamefutwa, zimebaki taa chache zinaelea juu bila kushikwa na kitu. Tulikuwa tunatembea kwenye uwanja mtupu nyuma ya villa, mimi nimeshika kamba na mbwa mwenyewe simwoni. Naona tu kamba inaingia kwenye weupe. Halafu inakaza kidogo, najua yuko.

Nilikuwa nampigia hadithi. Za nyumbani, za supervisor wangu, za mvua. Hakuna aliyekuwa akituona, na nilikuwa na amani ambayo sijui niielezeje. Naweza kusema tu kwamba sikuwa nikikumbuka kuwa niko ugenini.

Siwezi kuwaambia ni lini alianza kulala miguuni mwangu. Najua niliamka siku moja miguu ina joto, na sikumfukuza.

Sasa Wairimu alikuwa na mchumba, Muriuki, kijana wa IT, mpole, mwenye utani mwingi. Wakapata kazi Ireland wote wawili. Wakaamua kufanya harusi ya kienyeji hapa hapa Doha pamoja na marafiki, halafu waondoke. Na Chapo angeenda nao. Chanjo zilishakamilika, na kreti ya kusafiria ililetwa ikawekwa pale hosh, karibu na ndoo za kufulia.

Niliwapongeza. Nikawapikia pilau. Halafu nikaenda bafuni nikafungulia maji ili nisisikike.

Nilimpenda huyo mbwa, wakuu. Sikuwa nimejiambia hivyo hata siku moja, mpaka nilipoiona ile kreti.

Lakini ningeanzia wapi? Wairimu ndiye aliyemtoa kwenye vumbi. Ndiye aliyempeleka kwa daktari, ndiye aliyekesha naye alipoumwa tumbo. Na Wairimu ni dada yangu wa huku, tumekula sahani moja. Utamwambiaje dada yako anayeolewa kwamba akuachie mbwa wake? Nikanyamaza.

Ndipo akaniletea hiyo kazi.

"Mwende, si utamshonea Chapo?"

"Nimshonee nini?"

"Nguo ya harusi. Ya leso, kitambaa kile kile chetu. Muriuki anataka aingie naye."

"Aingie na mbwa mbele ya wazee?"

"Wazee gani hapa Doha, Mwende? Si tutachukua madereva tuwashikishe bakora, wawe wazee."

Hapa niwaeleze kidogo wasiojua. Kwenye harusi za kienyeji za kwao kina Wairimu, na hata kwetu Ukambani, bibi harusi hufichwa. Anafunikwa leso toka kichwani mpaka miguuni, pamoja na wasichana wengine, wote wanapangwa mstari mmoja, na bwana harusi anatakiwa amtambue aliye wake. Haruhusiwi kugusa. Waliofunikwa hawaruhusiwi kutoa sauti, na bibi harusi zaidi ya wote. Bwana harusi akimfunua asiye wake anatozwa faini, na faini inatajwa na upande wa bibi harusi. Wakishaitaja, hakuna kukataa.

Muriuki alikuwa amepiga hesabu zake. Aliniambia mwenyewe, anacheka, "Mimi naingia na Chapo. Mahali atalala chini, hapo ndipo nafunua. Wengine wanafanya mtihani, mimi nimekuja na kitabu."

Basi nikachukua futi ya kupimia.

Mbwa hana mabega, wakuu. Hilo ndilo jambo la kwanza utakaloligundua. Kifua ni kipana, kiuno ni kama cha nyigu, na shingo inaanzia mahali usipotarajia. Nilimpima akiwa amesimama, akakaa. Nikampima amekaa, akalala chali akidhani tunacheza. Nikaandika vipimo kwenye mkono wangu kwa kalamu nikaenda navyo kazini.

Nguo ya kwanza ilikuwa nzuri sana na haikufaa kitu. Nilipomvalisha, Chapo aliganda. Alisimama katikati ya hosh bila kupepesa, mguu mmoja juu, akitazama ukuta kama aliyesomewa hukumu. Nilipomwita alirudi kinyumenyume mpaka akaigonga kreti.

Nikaifumua. Nikashona nyingine nyepesi, isiyo na mikono, ya kufungwa kwa tumbo na kifuani. Na ili aizoee, nikakitandika kile kitambaa kitandani mwangu, nikakilalia mimi, akakilalia yeye. Asubuhi tunatoka nacho kwenye ukungu, nimejitanda begani. Baadaye namwekea mgongoni kidogo, natoa. Namwekea tena, natoa.

Siku aliyokubali kutembea nayo hosh nzima, mkia juu, nilikaa chini kwenye saruji nikamtazama tu. Ile leso ilikuwa ya njano na maua makubwa mekundu. Jua lilikuwa linapita juu ya ukuta. Alikuwa mzuri, na nilikuwa namwandaa aondoke.

Nilijua hivyo kila nilipotunga uzi.

Harusi ilifanyika kwenye mazraa, yale mashamba ya kukodi nje ya mji. Tulikwenda asubuhi na gari la Hamidu, dereva wa Kampala. Hamidu ni Mwislamu wa kweli kweli, alikuwa ametandika nailoni kiti chote cha nyuma. Akaniambia kwa heshima, "Dada, mbwa mimi sina shida naye. Shida ni mate. Wewe mshike kichwa." Nikamshika kichwa njia nzima. Nje hakukuwa na kitu zaidi ya weupe, mara mtende mmoja, mara bango la barabarani, halafu weupe tena.

Kule mazraa walitupa chumba cha kuvalia. Upande mmoja Auntie Salome alikuwa anamvalisha Wairimu shanga. Auntie Salome ndiye aliyesimama mahali pa mama wa bibi harusi, amelea watoto kwenye nyumba za Waarabu tangu sisi hatujui Doha iko wapi. Upande mwingine, mimi na Chapo.

Nilimfunga kamba za kifuani. Nikalaza kola. Nikamfunga za tumbo, nikazifungua, nikazifunga tena.

Wairimu akaniangalia kupitia kioo. "Mbona unafunga polepole hivyo?"

"Kitambaa kinateleza."

Aliendelea kunitazama kwenye kile kioo kwa muda, mpaka Auntie Salome akamgeuza kichwa ili amfunge kilemba.

Chapo akapelekwa nje kwa kina Muriuki. Auntie Salome alikuwa ameshaunusa ule ujanja. Akawasha bukhuri, akafukiza leso zetu moja moja mpaka macho yakatuwasha.

"Sasa huyo mbwa asome kitabu chake," akasema.

Sote tukawa tunanukia kitu kimoja. Tukafunikwa, tukashikwa mikono, tukapangwa nje kwenye baraza ya mawe. Wairimu alikuwa mwisho kabisa upande wa kushoto. Mimi nilikuwa huku kulia, karibu na mwanzo wa mstari.

Wakuu, sijui kama mmewahi kusimama ndani ya leso mchana.

Dunia yote inakuwa rangi moja. Ukungu ulikuwa umeanza kufunguka, jua likaja taratibu kupitia kitambaa, na nikawa nimezungukwa na njano. Sauti zilikuwa zinatoka mbali. Wanawake walikuwa wanaimba, kina Muriuki wanajibu kutoka getini, mtu ameshika simu juu ili mama yake Wairimu aone kutoka nyumbani. Nilisikia mpaka jogoo wa huko kwao kwenye hiyo simu. Kwa muda sikujua tuko Doha au tuko wapi. Nilihisi kama nimelala na naota harusi ya mtu, na ndani ya ndoto najua kwamba nikiamka kuna kitu kitakuwa hakipo.

Halafu nikasikia kucha kwenye mawe.

Chapo alianza upande wetu. Alipita wa kwanza, wa pili. Akafika kwangu. Pua yake ilinigusa kwenye goti juu ya kitambaa, na nikashika pumzi. Nikasema moyoni, pita mama, endelea mbele, mwenyewe yuko kule. Nilisema kwa dhati. Sikutaka kumharibia Wairimu siku yake.

Akapita.

Kucha zikaenda, zikaenda, mpaka mwisho wa mstari. Zikanyamaza. Nikajua amefika kwa Wairimu. Watu wakaanza kunong'ona. Nikafumba macho ndani ya ile njano na machozi yakaja, maana nilisema basi, ndiyo imekwisha hivyo, na ndivyo inavyotakiwa.

Kucha zikaanza tena.

Zilikuwa zinarudi. Hazikuwa na haraka. Zikaja mpaka mbele yangu, nikasikia akijizungusha kama anavyojizungusha kitandani, kisha uzito wake wote ukashuka juu ya miguu yangu. Akashusha pumzi ndefu.

"Ndiye huyu," Muriuki akasema kwa kujiamini, akafunua.

Tukatazamana.

"Mwende?"

"Ni mimi."

Baraza ikapasuka kwa kicheko na vigelegele. Kwenye simu mama Wairimu anauliza, "Ni yeye? Amempata?" na mtu anamjibu, "Hapana mama, amepata wa jirani." Muriuki ameshika kichwa. Chapo hakuinuka.

Auntie Salome akatoka mbele, mikono kiunoni, hii ndiyo sehemu aliyokuwa akiisubiri.

"Bwana harusi amekosea. Faini."

"Tutoe nini, mama?" mmoja wa wale madereva wenye bakora akauliza.

"Mbuzi."

"Mbuzi tumemchinja tayari, mama. Yuko kwenye pilau."

"Basi leso mpya kwa kila msichana hapa."

Wakaanza kuvutana, kama kawaida, kelele za furaha. Mimi nilikuwa nimesimama uso wazi na machozi yangu, najifanya nacheka, naona kila mtu anaona.

Ndipo sauti ikatoka mwisho wa mstari, chini ya leso.

"Faini ni Chapo."

Vigelegele vikakatika. Auntie Salome akageuka pole pole.

"Nani ameongea?"

"Ni mimi. Faini ni Chapo. Abaki hapo alipolala."

Wakuu, bibi harusi hasemi. Akisema amejitoa, mchezo umekwisha, hakuna haja ya kumtafuta tena. Kila mtu pale alijua hivyo. Yeye alijua kuliko wote. Muriuki alitembea kwenda kwenye ile sauti, akamfunua mkewe, na Wairimu alikuwa analia kwa namna ambayo hakuna vipodozi vingeweza kuificha.

"Lakini kreti iko tayari," Muriuki akamwambia kwa sauti ya chini. "Wewe ndiye ulisema hutaenda bila yeye."

"Nilisema. Leo nimetaja faini."

Muriuki alimtazama, akanitazama mimi, akamtazama mbwa. Faini ikishatajwa hakuna kukataa. Akatikisa kichwa kukubali.

Mama Wairimu kwenye simu akauliza, "Kwani anayeolewa leo ni nani, ni mbwa?" na kicheko kikarudi, nyimbo zikapanda, watu wakaanza kucheza. Wageni wengi walidhani yale machozi ya bibi harusi ni ya furaha. Picha zake ni nzuri sana, watu wanazisifu mpaka leo.

Tulipopata nafasi, baada ya chakula, nilimfuata nyuma ya nyumba, Chapo akiwa nyuma yangu. Nikamwambia, "Wairimu, sikukuomba."

"Najua. Mwende, mimi nilifika nyumbani kila asubuhi nikamkuta ameshatembea, ameshakula, amechoka. Alikuwa ananisalimia kwa adabu kama mgeni. Nilijua kitambo. Nilikuwa nangoja ujisemee, na wewe unashona tu."

Alichuchumaa, akaanza kumfungua Chapo zile kamba nilizozifunga, moja moja, polepole kuliko nilivyozifunga mimi. Chapo alisimama kimya akamwachia. Wairimu akaikunja ile leso ndogo ya njano pamoja na manyoya yote ya Chapo, akaiweka kifuani.

"Hii nakwenda nayo," akasema. "Na usiniambie niifue."

Waliondoka wiki ile ile. Kreti ilibaki hosh, sasa naanikia soksi juu yake.

Funzo nililolipata ni hili. Ukipenda kitu na kuna mtu wa kuambiwa, sema. Usimwachie mzigo huo mtu mwingine, hata kama ni rafiki mkubwa. Mimi sikusema, na dada yangu akalazimika kusema kwa ajili yangu mbele za watu, siku ambayo alitakiwa kunyamaza.

Sasa nawaachia uwanja. Mliofuga mbwa huku Gulf, joto likianza mnawatoa nje saa ngapi, na viatu vya mbwa vinasaidia au ni maonyesho tu? Na wale mnaotaka kusema nilimpokonya bibi harusi mbwa wake, semeni, nimekaa tayari, nitawajibu bila hasira.

Na Wairimu, najua huwa unasoma humu bila kucomment. Leo asubuhi kulikuwa na ukungu. Chapo alikimbia mbele, kamba ikakaza, akasimama muda mrefu anatazama upande wa barabara ulikokuwa ukishuka kwenye basi la clinic. Nilimwacha atazame mpaka alipomaliza.